KUSAFISHA PICHA SI KUSAFISHA MTO
Mashauri kwa wapendao kupiga picha za mito ya Machakos

Mito mingi ya Machakos ni njia za mchanga kwa sehemu kubwa ya mwaka. Mgeni avukaye daraja mwezi wa Septemba hutazama chini akaona punda wawili, mitungi ya plastiki ya manjano, na mwanamke aliyepiga magoti kando ya shimo alilolichimba mchangani, akichota maji kwa kikombe, kidogo kidogo. Mgeni huyo akirudi mahali pale pale mwezi wa Novemba, baada ya mvua kubwa kunyesha milimani, atakuta maji ya rangi ya chai ya maziwa yakipita kwa kishindo, yamebeba majani, matawi na hata magogo. Baada ya saa chache maji hupungua, na baada ya siku chache mchanga hurudi kuwa barabara ya punda.

Basi si ajabu kwamba mto unapoteremka watu huenda ukingoni kuutazama, na wengi hupenda kuupiga picha. Zamani kamera ilikuwa chombo cha mwenye studio mjini, na kila picha ilikuwa na gharama yake. Siku hizi karani, mwalimu na mkulima wanayo kamera ndani ya simu. Lakini picha nyingi za mto huwavunja moyo waliozipiga. Mto uliotisha machoni huonekana katika picha kama kijito kisicho na nguvu. Ndipo wengine, wakitaka kuitengeneza picha yao, huongeza rangi mpaka maji ya matope yakawa ya buluu kama bahari ya Lamu.

Hapo pana jambo la kufikiriwa. Katika Kiswahili husemwa "kusafisha picha", maana yake kuitoa picha katika filamu kwa dawa. Neno hili ni zuri, lakini lawapoteza wale wanaodhani kwamba kazi ya mpiga picha ni kuondoa uchafu katika kile alichokipiga. Machakos ni nchi ambayo udongo wake wa juu ndio mali ya mkulima. Maji yakiwa mekundu au ya kahawia, shamba la mtu fulani limo ndani yake. Rangi hiyo ni habari, na mwenye kuiondoa ameifuta habari yenyewe.

MAHALI PA KUSIMAMA

Kazi ya kwanza ya picha njema hufanywa kwa miguu. Kabla ya kuitoa kamera yafaa kutembea ukingoni, juu na chini, na kuutazama mto kutoka pande mbalimbali. Mtu asimamaye katikati ya daraja na kuelekeza kamera chini hupata maji yasiyo na mwanzo wala mwisho, kama ukuta uliopakwa rangi. Lakini akiteremka hadi mahali mto unapopinda, ataona maji yakiingia upande mmoja wa picha na kutokea upande mwingine, na jicho la mtazamaji litayafuata kama mtu afuataye njia.

Tena yafaa kuwe na kitu cha karibu: jiwe, mzizi wa mti uliotokeza ukingoni, au ngazi za udongo zilizokatwa na mafuriko. Kitu hicho huipa picha kina. Vile vile kuwe na kitu ambacho kila mtu anakijua ukubwa wake, kama vile punda, mtungi au mtu aliyesimama ng'ambo, kwa maana maji hayana kipimo chao wenyewe. Bila kitu hicho, mfereji wa shambani na mto Athi huweza kufanana. Lakini mtu si jiwe. Anayechota maji huamkiwa kwanza, akaulizwa kama apenda kupigwa picha, na akikataa, basi.

Jambo jingine dogo lenye madhara makubwa ni kuishika kamera upande. Picha ya mlima iliyoinama kidogo husamehewa, bali picha ya maji yaliyoinama huchekwa, kwa kuwa huonyesha mto unaopanda kilima.

Mahali panapowavuta wengi ni maporomoko ya Fourteen Falls, katika mto Athi karibu na mlima wa Ol Donyo Sabuk. Hapo mto hupanuka juu ya mwamba, ukagawanyika mikondo mingi, na kila mkondo ukaanguka peke yake. Kosa la wageni ni kutaka kuipata mikondo yote katika picha moja. Wakifika nyumbani huona nyuzi nyeupe juu ya jabali. Afadhali kuchagua mikondo miwili au mitatu, pamoja na mwamba mweusi ulio kati yake, kwa sababu maji meupe huonekana vema yakikaa karibu na kitu cheusi. Mwenye kutazama kwa makini ataona pia povu lielealo chini ya maporomoko. Mto wa Nairobi umekwisha kuingia katika Athi kabla ya kufika hapo, umekuja na taka za jiji. Povu hilo nalo ni sehemu ya picha.

NURU NA MUDA

Nuru iliyo njema kwa maji ni ya asubuhi, kuanzia mapambazuko mpaka saa tatu hivi, na ile ya jioni kuanzia saa kumi na moja. Wakati huo jua huja kwa upande, na kila wimbi dogo huwa na upande wake wa mwanga na upande wake wa kivuli. Saa sita mchana jua kali hulichoma povu likawa jeupe tupu, wala hakuna ufundi wa baadaye uwezao kurudisha kilichoungua. Siku ya mawingu pia ni njema, na wakati wa mvua mawingu hayakosekani. Mwenye simu aguse pale penye mwanga mwingi katika kioo chake, kisha apunguze nuru kidogo. Sehemu zilizo gizani huweza kuangazwa baadaye.

Baada ya nuru ni muda. Ndani ya kamera pana kilango kinachofunguka na kufunga ili kuruhusu nuru kuingia. Kilango kikifunguliwa kwa sehemu moja ya 500 ya sekunde, kila tone husimama hewani kama punje ya mtama iliyorushwa. Kikifunguliwa kwa sehemu moja ya 15, maji huanza kuvutika. Kikifunguliwa kwa sekunde nzima au zaidi, maji hulainika yakawa kama hariri au moshi. Kwa muda mrefu hivyo mkono hauwezi kutulia. Kamera huwekwa juu ya stendi ya miguu mitatu, au juu ya mfuko wa mchanga uliolazwa jiweni, ambao haugharimu kitu. Nuru ikizidi, lensi huvikwa kioo cheusi ili nuru ipungue na kilango kikae wazi zaidi.

Maji ya hariri si uvumbuzi wa siku hizi. Katika karne ya 19 sahani za vioo zilizotumiwa na wapiga picha zilikuwa nzito wa kupokea nuru, na mara nyingi zilihitaji sekunde kadhaa. Eadweard Muybridge alipopiga maporomoko ya Yosemite huko Marekani mwaka 1872, maji yake yalitokea kama maziwa, kwa sababu vyombo vya siku zile havikumruhusu vingine. Leo mpiga picha anaweza kuchagua, na kwa kuwa anachagua, anao wajibu wa kujua kila muda unasema nini.

Maji yapitayo juu ya ukuta wa bwawa dogo hufaa kupigwa kwa nusu sekunde, kwani hapo uzuri ni mtiririko na utulivu. Bali mto uliofurika ukipigwa kwa sekunde nne huonekana kama shuka iliyotandikwa kitandani. Magogo hutoweka, viwimbi hutoweka, na hatari hutoweka pamoja navyo. Tarehe 4 Desemba 2021, katika mto Enziu karibu na Mwingi, Kaunti ya Kitui, basi lilijaribu kuvuka daraja lililokuwa limefunikwa na maji, likazama, wakafa watu zaidi ya 30. Mto wa namna hiyo yafaa upigwe kwa muda mfupi, ili mtoto atakayeiona picha aogope kama inavyompasa. Na mpiga picha mwenyewe asisimame kamwe katika njia ya mchanga mawingu yakiwa yametanda milimani. Mvua huweza kunyesha mbali, na mto ukafika pale penye jua kali.

KAZI YA CHUMBA CHA GIZA

Picha ikisha kupigwa, kazi haijaisha. Mafundi wa filamu walikaa katika chumba cha giza, wakakinga sehemu fulani ya karatasi kwa kiganja ili isipate nuru nyingi, na sehemu nyingine wakaiongezea. Siku hizi kazi hiyo hufanywa kwa kidole katika kioo cha simu. Yaliyo halali yajulikana: kuinyosha picha iliyoinama, kuikata pembeni ili kuondoa tawi lisilo na maana, kuangaza kidogo vivuli vya ukingo, kupunguza weupe wa povu ili matone yaonekane, na kuirudisha rangi katika hali yake ikiwa kamera imekosea.

Lakini nani ajuaye rangi ya kweli baada ya siku tatu? Njia iliyo rahisi ni kuweka shahidi ndani ya picha. Mtungi wa manjano, sare ya shule au jiwe la kijivu ni vitu vyenye rangi inayojulikana. Fundi akirekebisha picha mpaka mtungi ukawa manjano yake, maji nayo yatakuwa yamerudi katika rangi yake. Wengine huchota maji katika chupa nyeupe, wakaenda nayo nyumbani na kuiweka karibu nao wakati wa kazi. Asubuhi ya pili matope huwa yametulia chini ya chupa, kimo cha kidole, na hapo mwenye chupa huelewa zaidi kuliko alivyotazamia.

Yasiyo halali nayo yana historia. Mfaransa Gustave Le Gray, miaka ya 1856 na 1857, alipiga picha za bahari zilizosifiwa sana. Sahani zake hazikuweza kupokea mwanga wa mbinguni na giza la maji kwa wakati mmoja, hivyo mara nyingine alipiga mawingu katika sahani moja na bahari katika sahani nyingine, kisha akaziunganisha. Ilikuwa sanaa njema, na picha zake zingali zikitunzwa. Lakini mtu anayeandika chini ya picha, "Huu ndio mto wetu baada ya mvua ya juzi," ametoa ushahidi, na ushahidi hauungwi. Akiondoa mifuko ya plastiki iliyonasa katika mizizi, akaongeza anga ya siku nyingine, akaugeuza wekundu kuwa buluu, amewadanganya majirani zake juu ya maji wanayoyanywa.

KILICHOACHWA NJE YA UKINGO

Machakos ina mfano mkubwa wa nguvu ya picha, na pia wa upungufu wake. Mwaka 1937 R. O. Barnes, aliyekuwa ofisa wa serikali wa kuhifadhi udongo, alizunguka Ukambani na kamera. Picha zake zinaonyesha miteremko mitupu, makorongo yaliyochimbwa na maji ya mvua, na miti michache sana. Mwaka huo huo Colin Maher wa Idara ya Kilimo aliandika taarifa juu ya mmomonyoko wa udongo katika nchi hiyo. Aliyezitazama picha zile aliona maradhi bila ya shaka.

Lakini kila picha ina kingo nne, na yaliyo nje yake hayasemi. Picha ya mteremko mtupu haikuweza kuonyesha kwamba malisho mengine ya Wakamba, kama vile milima ya Mua, yalikuwa yamekwisha kupewa walowezi, na kwamba ng'ombe walikuwa wamesongamana katika nchi iliyobaki. Mwaka 1938 serikali iliamua kuwapunguza ng'ombe kwa nguvu. Mwezi wa Julai mwaka ule maelfu ya watu walikwenda Nairobi kulalamika, na kiongozi wao, Muindi Mbingu, akahamishiwa Lamu. Kabla ya mwaka kwisha serikali iliacha kuwapunguza ng'ombe kwa nguvu. Waliotazama udongo tu walikuwa wameona kweli, lakini nusu yake.

Nusu ya pili ilionekana baada ya zaidi ya miaka 50. Mtaalamu Michael Mortimore alizichukua picha za Barnes, akatafuta mahali pale pale palipopigwa kila moja, na mwaka 1991 akapiga tena akielekea upande ule ule. Miteremko iliyokuwa mitupu ilikuwa imevikwa matuta. Miti ilikuwa imepandwa mipakani. Makorongo mengine yalikuwa yamefungwa. Picha hizo mbili mbili zilichapishwa mwaka 1994 katika kitabu alichokiandika pamoja na Mary Tiffen na Francis Gichuki. Jambo lililowashangaza wengi ni kwamba watu walikuwa wameongezeka. Wilaya ya Machakos ya zamani, pamoja na Makueni, ilikuwa na watu kama 240,000 mwaka 1932, na mwaka 1989 walikuwa zaidi ya 1,390,000. Watu wale wale waliodhaniwa kuwa ndio sababu ya uharibifu ndio walioshika majembe. Matuta ya fanya juu, ambayo udongo wa mfereji hutupwa upande wa juu, yalichimbwa na wenye mashamba na vikundi vya mwethya, na wengi katika vikundi hivyo walikuwa wanawake.

Hakuna picha hata moja kati ya hizo ambayo peke yake ingeweza kusema hayo. Ya mwaka 1937 ingesema, "Nchi imekufa." Ya mwaka 1991 ingesema, "Hapa pana mashamba mazuri." Zikiwekwa pamoja ndipo zinapohadithia kazi ya vizazi viwili.

MAJI YALIYOFIKA PWANI

Wala habari za rangi ya maji haziishii Machakos. Athi hushuka mpaka nyika, ukakutana na Tsavo, ukaitwa Galana, kisha Sabaki, na kuingia baharini kaskazini ya Malindi. Wakati wa mvua watu wa Malindi huona bahari yao ikigeuka rangi ya udongo. Wataalamu waliichunguza tumbawe moja ya huko iliyokuwa imekua kwa miaka kama 300, ikiongeza tabaka baada ya tabaka kila mwaka, na mwaka 2007 wakatangaza waliyoyaona. Tangu mwaka 1700 hadi 1900 udongo ulioletwa na mto haukubadilika sana. Baada ya hapo ulizidi kuongezeka. Tumbawe hiyo haikusafisha picha yake. Kila mwaka iliandika kile kilichopita.

Naam, mto waweza pia kuandika habari njema. Kikundi cha Utooni, ambacho Joshua Mukusya na majirani zake walikianzisha mwaka 1978, kilijulikana kwa kujenga mabwawa ya mchanga, nayo ni kuta za mawe na saruji zinazokingama katika mto mpaka kwenye mwamba. Mafuriko huja na mchanga, mchanga hujaa nyuma ya ukuta, na maji hujificha ndani yake kiasi cha robo au theluthi ya ujazo wote, mbali na jua. Apigaye picha ya ukuta huo siku ya mvua hupata maporomoko madogo mazuri. Lakini picha iliyo bora zaidi hupatikana akirudi Septemba, wakati maji hayaonekani kabisa, na shimo la kuchotea lina kina cha mkono mmoja tu.

JIWE MOJA, MWEZI MMOJA

Basi yeyote aliye na kamera, hata ya simu, anaweza kuanza kazi yenye faida. Achague jiwe moja ukingoni ambalo halitahama. Asimame hapo kila mwaka, mwezi ule ule, akielekea mti au kilima kile kile. Aandike tarehe, saa, na siku zilizopita tangu mvua inyeshe. Aitengeneze picha yake awezavyo, lakini ile ya kwanza, isiyoguswa, aiweke kando. Picha moja itapendeza ukutani. Picha kumi zitamwambia kama korongo linapanda kuelekea shamba lake au limesimama, kama mchanga unajaa au unachukuliwa na malori, na kama maji yanazidi kuwa mekundu au yanaanza kuonyesha mawe yaliyo chini yake.

Siku mawe hayo yatakapoonekana, picha haitahitaji kusafishwa. Watakaokuwa wameisafisha ni wale waliochimba matuta mlimani.